Ardhi Imegawanywa, Trekta Halijagawanywa

Ukija nyumbani kwetu, usikae kwenye kochi la pembeni kabla hujatazama. Huenda ukakalia filta ya dizeli. Betri ya trekta inalala sebuleni, chini ya picha ya harusi, kwa sababu Baba Watoto anasema ikilala nje itaondoka na watu. Nozeli tatu za akiba zinakaa ndani ya hotipoti niliyopewa kwenye kichenpati yangu, zimeviringishwa kitambaa safi na kufunikwa zisipate vumbi. Wali wa wageni ndio unaobaki na vumbi.

Watu hunitania kwamba nina mke mwenza wa chuma. Nakataa. Mke mwenza angalau angesaidia kuosha vyombo.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135. Ni jekundu, au niseme lilikuwa jekundu. Siku hizi rangi imebaki chini ya boneti, mahali jua halifiki. Aina hiyo ilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na ikaachwa katikati ya miaka ya 1970. Kwa hiyo hata kama la kwetu lilikuwa la mwisho kutoka kiwandani, kwa umri wake lingestahili kuamkiwa shikamoo. Injini ni Perkins ya dizeli, silinda 3, ujazo wa lita 2.5, nguvu za farasi 45 hivi. Haina waya wa kompyuta wala taa ya kukuonya kitu. Ikikasirika inakuambia kwa moshi. Moshi mweusi, umeibebesha mno au inanyimwa hewa. Moshi wa bluu, inakula oili. Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, tafuta fundi wa nozeli.

Baba mkwe, Mungu amrehemu, alijifunzia trekta kwenye mashamba ya ngano ya Hanang, kule Basotu, enzi za NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, na wafadhili wa Kanada. Yalikuwa mashamba makubwa ajabu, yaliyolimwa kwenye malisho ya Wabarbaig, nao Wabarbaig miaka ya 1980 wakaenda mahakamani kudai ardhi yao. Baba mkwe hakuwa mtu wa kuzungumzia hayo sana. Alichotoka nacho kule ni seti ya spana na desturi ya kupaka grisi kila asubuhi kabla ya chai, na baadaye, kwa akiba ya miaka, akanunua hili 135 lililokwisha kupita mikono mingi. Akalileta kijijini kwetu upande wa Babati akiliendesha mwenyewe, na watoto wa kijiji nyuma.

Mama mkwe hajawahi kukalia kiti chake hata siku moja. Kazi yake miaka yote ilikuwa kushika kurunzi usiku mumewe akiwa amelala chini ya injini, na kupokea lawama mwanga ukihama.

Mzee alipofariki, kikao cha ukoo kiligawa shamba bila kelele. Baba Watoto akapewa upande wa juu, kwenye udongo mwekundu. Shemeji akapewa katikati. Wifi yangu, ambaye ameolewa Magugu lakini hajaacha haki yake, akapewa bondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Mama akabaki na ekari zake za karibu na nyumba. Ilipofika kwenye trekta, wazee wakakohoa, mmoja akaomba maji ya kunywa, mwingine akasema trekta halikatwi kwa panga, basi litakuwa la wote. Tukapiga makofi. Ningejua ningeyashika makofi yangu. Kitu cha wote kila mtu anajua zamu yake ya kukitumia, na hakuna anayejua zamu yake ya kukipaka grisi.

Usishangae kwa nini foleni ya kulima ni jambo la kununiana. Mvua kwetu huanza kuonjaonja Novemba au Desemba, na mahindi yanatakiwa yaingie ardhini pamoja na mbaazi mapema, la sivyo msimu utatupita. Udongo mwekundu wa juu unasamehe: ukiwa na unyevu kidogo, diski tatu za jembe zinazama vizuri, dereva anapiga mluzi. Mbuga haisamehi. Ikiwa kavu inatoa mapande makubwa ambayo haro inayarukaruka bila kuyavunja. Ikilowa inakamata. Kati ya hayo mawili kuna siku chache tu za kufaa, na siku hizo ndizo wifi anazotaka trekta liwe kwake. Ndizo hizohizo na sisi tunazotaka liwe kwetu.

Mwaka ninaosimulia, kazi ilianza na kuku. Kiangazi kizima trekta lilikuwa limekaa chini ya mwembe, na kuku wa Mama akakiona kisanduku cha zana kuwa mahali pa heshima. Akatamia humo, juu ya spana. Baba Watoto alipokwenda kuchukua spana ya kukazia fanibelti, akadonolewa. Akataka kumhamisha. Mama akasema kuku akihamishwa atasusa mayai, na mayai yana mwenyewe. Ikabidi tuazime spana kwa jirani, na mtu mwenye sanduku zima la spana akaonekana akipita barabarani na spana ya kuazima. Vifaranga wakatoka salama, tisa. Spana zilihitaji kuoshwa kwa petroli.

Kisha shemeji akaomba trekta kwa usiku mmoja tu, alimalizie kipande chake. Tukalisikia linanguruma upande ambao si wake. Asubuhi lilikuwa limerudi chini ya mwembe, jembe limejaa udongo ambao shambani mwetu haupo, na tangi kavu kabisa. Shemeji mwenyewe alikuwa na vocha mpya ya simu na maneno machache.

Sasa, gari la petroli likiishiwa unamimina mafuta, unawasha, unaondoka zako. Dizeli si hivyo. Tangi likikauka, hewa inaingia kwenye mabomba, na hewa inabanika; pampu inasukuma, hewa inajikunja tu, nozeli hazifunguki. Mpaka uitoe. Unalegeza skrubu juu ya filta, halafu unapampu kwa kikono kidogo kilicho ubavuni mwa injini, chini, mahali ambapo lazima upige goti. Mwanzo linatoka povu, linatema, linapumua. Unaendelea mpaka dizeli itiririke nyororo bila kipovu hata kimoja, unakaza. Unahamia kwenye pampu kubwa ya nozeli, vilevile. Mwisho unalegeza mabomba ya juu kwenye nozeli, mtu mwingine anapiga stata, na yakishatema dizeli unayakaza moja baada ya jingine huku injini ikianza kukohoa.

Baba Watoto akamimina dizeli kwenye tangi, akapiga goti. Kikono kikawa chepesi, kinakwenda na kurudi bila uzito, hakivuti kitu. Akapampu mpaka shati likalowa. Akaingia mtoto wetu mkubwa, akaingia mdogo wake, akaingia kijana anayetuchungia ng'ombe. Juu ya filta pakabaki pakavu. Shemeji, aliyekuwa amesimama mbali kwa adabu ya mwenye hatia, ndipo akasogea na kutoa hukumu: ngozi ya ndani ya pampu imechanika, hakuna dawa ila pampu mpya, na pampu haipatikani hapa Babati, lazima mtu aende Arusha. Akaongeza kwamba yeye yuko tayari kujitolea kwenda, apewe tu nauli na pesa ya pampu. Katika ukoo huu sijaona anayejitolea kwenda Arusha kama shemeji.

Nilikuwa nimeshafungua pochi. Mama, aliyekuwa akichambua maharage kibarazani, akasema bila kuinua macho, "Mmelisukuma?"

"Mama, haliwaki. Tulisukume liende wapi?"

"Nimekuuliza, mmelisukuma? Baba yenu kikono kikiwa hivyo alikuwa analitia gia, tunalisukuma hatua moja, halafu anarudi kupampu. Mimi ndiye niliyekuwa nasukuma. Na kurunzi mkononi."

Shemeji akacheka kidogo kwa upole, kama tunavyowacheka wazee. Baba Watoto hakucheka. Akatia gia ya juu, tukaweka mabega kwenye matairi ya nyuma, trekta likasogea kidogo tu. Akarudi kupiga goti. Kikono kikawa kizito. Baada ya muda povu likatokeza juu ya filta.

Fundi wetu wa trekta alipokuja baadaye kwa shughuli nyingine alitueleza sababu. Pampu ile ndogo inaendeshwa na kibonge kilicho kwenye kamshafti ndani ya injini. Injini ikizimika kibonge kikiwa kimeinuka, kimekwisha kuibana pampu mpaka mwisho, na kikono cha nje hakina cha kuvuta tena. Ukiizungusha injini kidogo kibonge kinashuka, pampu inapumua. Jambo dogo, na ni pampu ngapi nzima zimetupwa na kununuliwa mpya kwa sababu yake! Mama hajui kamshafti ni nini. Anajua lisukumwe.

Injini iliposhika, akaweka ungo chini na kusema, "Haya. Shamba langu kwanza." Hakuna aliyekuwa na hoja. Lile la kwetu likawa la pili, na wifi, aliyekuwa amepanda basi kutoka Magugu alfajiri kuja kusimamia zamu yake, akawa wa mwisho pamoja na hasira zake zote. Mvua ikanyesha usiku huo, na uliofuata.

Ya mbuga nitayasema kwa kifupi kwa sababu mengine si ya kuandika. Shemeji ndiye aliyeendesha, kwa kuwa wifi alimwambia mbele ya watu kwamba anaogopa. Alifika katikati ya shamba. Matairi ya nyuma yakaanza kuzunguka mahali pamoja, naye, badala ya kuacha, akaongeza moto, na kila mzunguko ukawa unachimba. Alipozima, tumbo la trekta lilikuwa limekaa juu ya udongo na jembe limezama.

Wanaume wakapendekeza gogo. Unalifunga gogo kwa minyororo mbele ya matairi ya nyuma, ili tairi likizunguka lipande juu yake na trekta lijitoe lenyewe. Nimesikia linavyosifiwa. Mama akakataa, na hapo sauti yake ilibadilika. Tairi likigoma kabisa na injini ina nguvu, kinachozunguka si tairi tena. Ni trekta lenyewe linalonyanyua pua na kugeuka kumwangukia dereva, kwa kufumba na kufumbua, na matrekta mengi ya umri huu hayana vyuma vya kumkinga aliye kitini. Alimtaja mtu wa kijiji cha jirani ambaye watu wazima pale walikumbuka mazishi yake. Gogo likaachwa.

Tukamfuata mzee mmoja mwenye maksai. Enzi za uhai wake, baba mkwe alikuwa akimtania mzee huyo kila msimu: mwenzangu, bado unalima kwa mikia? Alikuja na jozi tatu, taratibu, amevaa koti lake la kanisani siku ya kazi. Akatazama trekta kwa muda mrefu. Akauliza, "Huyu naye amechoka?" Hakuna aliyejibu. Jembe likafunguliwa na kuvutwa pembeni, vijana wakachimba mbele ya kila tairi mteremko mdogo, kisha wakatafuta kitu cha kutandika ili matairi yapate pa kushika. Wakachukua rundo langu la kuni, miti ya mbaazi niliyoikusanya tangu mavuno, ya kupikia mwezi mzima, wakaizika kwenye matope mbele ya macho yangu. Mnyororo ukafungwa mbele, chini, kwenye ekseli. Maksai wakainama. Lilitoka.

Mzee alikataa pesa. Alitaka ekari zake mbili zilimwe kwa trekta, mapema, kabla ya zetu, msimu unaofuata. Tukakubali.

Msimu huohuo mikono ya haidroliki ikaanza kushuka yenyewe. Unainua jembe, unakata kona, na kabla hujafika mwisho jembe limeshalala tena. Mikono ile ndiyo roho ya Massey Ferguson. Harry Ferguson, mtu wa Ireland ya Kaskazini, alipata jina kwa hilo: kulifunga jembe kwenye trekta kwa ncha tatu na kulipandisha kwa nguvu ya oili, ili trekta na jembe viwe kitu kimoja badala ya kimoja kuburura kingine. Matrekta mengi unayoyaona leo, hata ya kampuni nyingine kabisa, yanafunga jembe kwa ncha hizohizo tatu. La kwetu lilihitaji sili tu, kipande cha mpira kinachoenea kiganjani. Shemeji akajitolea kwenda Arusha. Akaenda Baba Watoto. Akarudi na sili kutoka duka moja ambalo sitalitaja, ndani ya kiboksi chenye nembo nzuri na jina la kiwanda lililokosewa herufi moja. Nililiona kosa hilo mezani, nikasoma kwa sauti. Wakasema ni mambo ya uchapishaji. Sili ile ilivimba ndani ya oili na kukatika kabla mahindi hayajafika magotini. Ya pili aliichagua Fundi mwenyewe, akaikunja, akainusa, akaikwaruza kwa kucha, akalipa zaidi, na mpaka leo mikono inashika.

Najua utasema: uzeni hilo chuma, mnunue pawatila. Tulilifikiria. Miaka ya sera ya Kilimo Kwanza, kuanzia 2009, pawatila zilikuja kwa wingi wilayani, na kwenye majaruba ya mpunga ya Magugu zinafanya kazi nzuri sana, sina neno nazo. Kwenye udongo wetu wa juu uliokauka zinarukaruka tu na kumchosha anayezishika. Trekta jipya nalo ni mkopo wenye hati ya shamba kama dhamana, na hati ya shamba ndiyo hiyo tuliyokaa kikao kuigawa. La zamani kijana wa hapa kijijini analifungua chini ya mwembe. Injini ile ya Perkins ilitengenezwa kwa miaka mingi na kufungwa kwenye mashine nyingi hivi kwamba spea zake bado zipo.

Umri peke yake si hoja kwangu. Mwaka 1947 Waingereza walishuka Kongwa na mradi wa karanga, wakiwa na mitambo iliyotumika vitani, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Ardhi ile ikikauka inakuwa ngumu kupita kiasi. Majembe yakavunjika, mashine zikasubiri spea na watu wa kuzijua. Mapema 1951 serikali yao ikauacha mradi, mamilioni ya pauni yamekwenda. Serikali nzima, na hakukuwa na mtu wa kuwaambia walisukume kwanza.

Baada ya msimu ule nilinunua kaunta buku. Sikuomba ruhusa. Nikaandika kila kitu: dizeli, oili, grisi, sili zote mbili, chakula cha Fundi, ambaye hula kwetu na huomba kuongezwa, kuni zangu kwa bei ya sokoni. Upande wa pili nikaandika kila ekari iliyolimwa, ya nani, na amelipa nini. Baba Watoto aliniambia najisumbua, trekta kuukuu linajulikana kwamba linakula kuliko linavyoingiza.

Haikuwa hivyo. Nilipojumlisha, matengenezo yote yalilipika kwa ekari za watu baki, na chenji ikabaki. Shimo lilikuwa ukurasa wa ndugu. Binamu aliyelimiwa kwa ahadi ya gunia, na gunia halikuja. Mjomba aliyesema tutaongea. Shemeji na ekari zake za usiku ambazo mwenye shamba aliniambia mwenyewe sokoni kwamba alilipa taslimu. Na wifi, ambaye hadi leo anadai mbuga yake haikulimwa vizuri, kwa hiyo si yeye wa kulipa bali sisi. Tangu mzee afariki tulikuwa tunalaumu ringi za pistoni.

Nilipeleka kaunta buku kwenye kikao cha ukoo, nikamkabidhi Mama, kwa kuwa mimi nimeolewa tu na maneno yangu yangeitwa ya kuchochea. Akamwita mjukuu amsomee kwa sauti, jina kwa jina. Wazee wakakohoa tena, ila safari hii hakuna aliyeomba maji. Uamuzi ulitoka kabla chai haijaisha.

Trekta haliuzwi. Msimu huu kulima ni shilingi 50,000 kwa ekari, ndugu na jirani sawasawa, nusu inalipwa kabla injini haijawashwa, na ufunguo unalala kwa Mama. Mbuga inalimwa kwanza, udongo ukiwa na unyevu ila bado haujalowa. Mzee wa maksai amelimiwa ekari zake mbili bure, kama tulivyoahidi, na deni hilo nimelifuta. Shemeji amelipa nusu yake. Wifi bado.